Mvua Ikigoma, Nani Alipe?

Kabla sijaanza kuandika kuhusu vitabu, nilikuwa afisa mikopo katika tawi la benki, kwenye mji mdogo wa mkoa wa Dodoma. Kazi yangu ilikuwa na misimu miwili kama kilimo chenyewe. Kuanzia Oktoba hadi Desemba nilizunguka vijijini kwa pikipiki nikitoa mikopo. Kuanzia Julai nilirudi vijiji vilevile kuidai.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, mwezi Februari. Oktoba iliyofuata nilitumwa kuchukua maksai wawili wa mzee mmoja. Alikuwa amekopa Sh 2,200,000 za mbegu ya alizeti, vibarua wa palizi na kukodi ekari za nyongeza. Dhamana yake ilikuwa maksai hao, plau, na sahihi za wenzake wanne wa kikundi. Alizeti ikakauka ikiwa inajiandaa kutoa maua. Alichovuna hakikufika magunia kumi. Aliuza akaleta benki laki nne, na baada ya hapo hakuwa na kitu kingine cha kuleta.

Nilimsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu," akamtuma mjukuu alete kigoda. Tulikaa, tukanywa maji, tukazungumza habari za ukame kama watu wanaozungumza habari za msiba wa jirani. Kisha nikatoa karatasi zangu. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, hawa ukiwachukua, Desemba nitalima na nini?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: mkataba ni mkataba, mzee. Maksai wakapakiwa kwenye fuso.

Walipouzwa mnadani hawakufikisha hata nusu ya deni. Na Desemba ile, wee, mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Mzee aliyekuwa akilima ekari nane alilima moja na nusu kwa jembe la mkono. Wenzake wanne walibanwa walipe sehemu ya deni lake, wakagombana, kikundi kikafa. Salio likakaa kwenye vitabu vya benki miaka miwili, mwishowe likafutwa.

Ningependa kusema kosa letu lilikuwa la hesabu tu: tulichukua chombo cha kulipia deni ili tulipwe deni. Hilo ni kweli, na meneja yeyote makini angeliona. Lakini hata kama maksai wale wangefikisha bei ya kumaliza deni lote, swali la mzee lingebaki palepale. Nimeishi nalo muda mrefu. Makala haya ni jaribio la kulijibu, kwa kuchelewa.

Dawa ya deni

Dawa ya deni ni kulipa. Hatuhitaji mwanafalsafa kutuambia hivyo. Ahadi ni deni, na mtu anayekopa huku akijua halipi tunamwita tapeli. Wahenga wametuonya pia kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Ukizitazama vizuri lakini, methali hizi zote zinamsemesha mkopaji. Sijapata kukutana na methali inayomkalisha chini mkopeshaji na kumfundisha namna ya kudai.

Hata hivyo siwezi kumcheka kijana niliyekuwa siku ile. Alikuwa na hoja. Watu wanadhani hela ya benki ni ya benki, kana kwamba kuna tajiri mmoja amelala juu ya magunia ya noti. Hapana. Pale tawini kwetu, hela tuliyomkopesha mzee ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake, ya mama muuza vitenge, ya mfugaji aliyeuza ng'ombe kumi akaogopa kulala na fedha ndani. Hao hawakumkopesha mzee kwa hiari yao, wala hawamjui. Walituamini sisi. Afisa mikopo mwenye huruma anayesamehe deni anasamehe mali ya watu ambao hawapo chumbani. Huruma kwa mfuko wa mwenzako ni rahisi sana.

Kwa hiyo siulizi kama deni lilipwe. Ninauliza hivi: kitu ambacho wote wawili hawakuweza kukizuia kinapoharibu mpango wao, kwa nini uzito wote umwangukie mmoja? Na kwa nini mmoja huyo awe yule yule mwenye mabega membamba?

Deni linaloitazama mbingu

Madeni hayafanani. Mtumishi akikopa, makato yanatoka kwenye mshahara kabla haujamfikia mkononi. Mwenye duka akikopa, anauza kila siku. Wiki mbaya inafidiwa na wiki nzuri. Mkulima wa Dodoma analipwa mara moja kwa mwaka, na anayemlipa ni wingu. Ana msimu mmoja tu wa mvua. Ikikatika Februari, hakuna wiki ijayo ya kufidia, kuna mwaka ujao.

Sisi tulichukua mkataba wa mwenye duka tukambandika mkulima. Kiasi kilekile, riba ileile, tarehe ileile, iwe mvua imenyesha au haikunyesha. Kwenye karatasi zetu mvua haikuwepo kabisa. Kulikuwa na kipengele cha kifo cha mkopaji, kipengele cha kuhama makazi, hata kipengele cha kubadilisha sahihi. Ukame, jambo ambalo kila mtoto wa Dodoma analijua, haukuandikwa popote. Kutouandika hakukuufanya usiwepo. Kuliufanya uwe wa mzee peke yake.

Tarehe nayo ina ukatili wake. Mikopo mingi tuliitaka irudi Julai au Agosti, kwa kuwa mavuno yameshatoka shambani. Sawa. Lakini nenda soko la mahindi la Kibaigwa msimu huo uone. Kila mwenye deni anauza siku zilezile, malori yamejaa, mnunuzi anachagua, anakupimia anavyotaka. Mahindi hayohayo yakikaa ghalani hadi Januari yangepata bei nyingine kabisa. Lakini Januari ni mbali, afisa mikopo yuko mlangoni. Yaani deni lenyewe ndilo linaloshusha bei ya kitu kinachouzwa ili kulipa deni. Na wale wanaonunua Julai na kuuza Januari mara nyingi nao wametumia mkopo wa benki. Tulikuwa tunakopesha pande zote mbili za mzani, halafu tunamshangaa aliyepungukiwa.

Tena si mbingu peke yake inayovuruga. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi ambayo hayajasagwa yasivuke mipaka ya nchi. Sababu ilielezwa: chakula kibaki nyumbani, na tusafirishe unga badala ya punje. Mlaji wa mjini alipata nafuu ya bei. Mkulima aliyekopa akitarajia soko la nje alikuta soko limefungwa akiwa na magunia mkononi. Ndipo nilipoielewa vizuri ile methali isemayo mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Taifa zima lilikula nafuu ile, na gharama yake ikabaki kwenye daftari la mtu mmoja.

Wazee wa zamani walijua

Nilipoacha benki nilianza kusoma kuhusu madeni, kama mtu anayesoma kuhusu ugonjwa aliougua. Kilichonishangaza ni kwamba swali la mzee wangu ni la kale mno, na kwamba watu wa kale walilijibu kwa ujasiri kutuzidi.

Hammurabi, mfalme wa Babeli, alitawala karibu miaka 3,800 iliyopita. Sheria zake zilichongwa kwenye jiwe ambalo leo liko Louvre, Paris. Si sheria za upole hata kidogo. Humo kuna jicho kwa jicho. Lakini sheria ya 48 inasema jambo ambalo mkataba wetu haukusema: mtu mwenye deni, shamba lake likipigwa na tufani, likachukuliwa na mafuriko, au nafaka isiote kwa kukosa maji, mwaka huo hampi mdai nafaka. Analowanisha kibao chake cha udongo ili maandishi yabadilishwe, na riba ya mwaka huo halipi. Zingatia kwamba deni halifutwi. Linasogezwa mbele, na mdai naye anapoteza riba yake. Kila mmoja ameubeba ukame kiasi.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kulichukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa mtu. Niliposoma mstari ule nilifunga kitabu kwa muda. Maksai wawili na plau, kwa mzee yule, vilikuwa nini kama si jiwe la kusagia?

Qur'ani, katika Sura ya Baqara, inaagiza kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda hadi apate wepesi, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Na katika Hadithi, Mtume alikataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuiva, akauliza: Mungu akiyazuia matunda hayo, mtu atahalalisha kwa kitu gani kuchukua mali ya ndugu yake? Hebu lirudie swali hilo polepole. Haliulizi kama mkataba uliandikwa vizuri. Linauliza ulichotoa wewe kinacholingana na unachochukua.

Sidai kwamba mfalme wa Babeli, Torati na Uislamu vinasema kitu kimoja. Vinatofautiana sana. Lakini vyote vilizaliwa mahali ambapo watu walilima na kufuga wakiitegemea mbingu, na vyote vikaona kwamba anayemkopesha mkulima tayari ameingia shambani. Hawezi kusimama barabarani na viatu safi akisubiri mavuno tu.

Ratili ya nyama

Wasomaji wa blogu hii wanaijua *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mabenki. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja tu anayetajwa kwenye jina la tamthilia. Mwalimu akawafanya mabepari, tena kwa wingi. Mengi yameshasemwa kuhusu chaguo hilo.

Mimi nakumbuka jambo lingine. Antonio anakopa akitegemea merikebu zilizo baharini. Zinaporipotiwa kupotea, Shylock anadai ratili yake ya nyama kama mkataba unavyosema. Sisi wasomaji tunamchukia, na humo mna chuki nyingine dhidi ya Wayahudi ambayo msomaji wa leo hapaswi kuimeza kimyakimya. Porsha anashinda kesi kwa ujanja wa maneno: nyama ichukuliwe, lakini damu isimwagike hata tone. Tunashangilia.

Lakini angalia ni kitu gani hakikuulizwa mahakamani siku ile. Hakuna aliyeuliza kwa nini bahari yote awekewe Antonio peke yake. Porsha anamwomba Shylock huruma, na huruma inapokataliwa anatumia mtego wa kisheria. Kati ya huruma na mtego hapakuwa na kitu cha tatu, yaani mkataba ambao tangu mwanzo ungekiri kwamba merikebu huzama.

Hapo ndipo nilipokuwa mimi Oktoba ile. Nilidhani nina njia mbili tu: nimhurumie mzee, au nitekeleze mkataba. Nikatekeleza. Lakini kosa lilikuwa limeshatendeka miezi kumi na moja kabla, Novemba, siku ya furaha, siku aliposaini huku akitabasamu na mimi nikitabasamu, na sote tukijua kwamba Dodoma mvua hukatika.

Kusamehe nako kuna madhara

Najua nitajibiwa nini, maana na mimi ningejibu hivyo hivyo. Wakulima wengine ni wajanja. Ni kweli. Nilimjua mmoja aliyeficha magunia thelathini kwa shemeji yake, akaja ofisini na macho ya kulia. Nilijua na kijiji ambacho mgombea mmoja aliwaambia watu wasiwe na haraka ya kulipa, madeni yatafutwa. Hayakufutwa, ila marejesho yalisimama, na msimu uliofuata benki haikufika tena kijijini hapo.

Hilo ndilo la hatari. Benki ikiondoka, kukopa hakuishi. Anakuja yule wa mtaani anayekupa bei ya gunia moja Januari ili umpe magunia mawili Juni. Kagera wanaouza kahawa ikiwa bado ua wanaiita biashara hiyo butura. Mtwara na Lindi kwenye korosho wanaiita kangomba. Serikali zinapiga vita mambo haya kila msimu, na kila msimu yanarudi, kwa sababu mtoto akiugua Februari hospitali haisubiri mavuno. Kwa hiyo anayesema "samehe madeni yote" anapaswa kutuambia pia nani atakopesha mwaka unaofuata. Msamaha wa jumla unamlipa mwongo sawasawa na mkweli, na bili yake wanapelekewa watu wawili wasiokuwepo: mwenye akiba, na mkulima wa mwakani.

Ndiyo maana napenda ile sheria ya Babeli. Haikusema mdai awe mwema. Ilitenganisha asiyeweza na asiyetaka kwa kipimo kinachoonekana: je, maji yalikuja shambani au hayakuja? Aliyeficha magunia kwa shemeji hana pa kujificha hapo, kwa kuwa shamba la jirani litasema.

Kugawana mvua

Basi, mkopeshaji anadaiwa nini? Nina majibu matatu, na yote yanapaswa kutimizwa kabla ya sahihi, si baada ya ukame.

La kwanza, asiweke rehani kile kinacholima. Achukue rehani mazao, achukue kiwanja, achukue hata pikipiki. Maksai, plau na mbegu ya msimu ujao aviache. Mkopo usioweza kutolewa bila hivyo ni afadhali usitolewe. Kumkatalia mtu mkopo kunauma siku moja tu.

La pili, tarehe ya malipo ifuate bei, isifuate kalenda ya ofisi. Tumekuwa na Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu mwaka 2005: mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kutumika kupatia mkopo wakati mazao yanasubiri bei. Mfumo huu una malalamiko yake, waulizeni wakulima wa korosho waliosubiri malipo hadi wakachoka. Lakini wazo lake ni sahihi: asilazimishwe kuuza siku ambayo kila mtu anauza.

La tatu ndilo gumu: mkopeshaji abebe sehemu ya mvua. Bima ya mazao ni njia mojawapo. Dhamana ya mikopo ni nyingine. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina mfuko unaodhamini sehemu ya mikopo ambayo mabenki mengine yanawapa wakulima wadogo. Mwaka 2021 Benki Kuu nayo ilitoa nafuu kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Haya ni mambo mazuri, nayapongeza. Ila tusichanganye. Riba ndogo inampunguzia mkulima mzigo mwaka wa mvua. Mwaka wa ukame, asilimia 9 ya deni usiloweza kulipa haina tofauti kubwa na asilimia 20. Na dhamana inayomlinda mkopeshaji pekee, huku maksai wa mkopaji wakipakiwa kwenye fuso vilevile, haijagawana mvua na mtu. Imemnunulia mwavuli yule ambaye tayari yuko ndani ya nyumba.

Kugawana mvua maana yake ni kuandika ndani ya mkataba: mwaka ambao mvua ya kata hii itakatika kabla ya tarehe fulani, malipo yanasogea msimu mmoja na riba ya mwaka huo haihesabiwi. Gharama yake ipo. Mwaka mzuri riba itakuwa juu kidogo, na mwenye akiba atapata faida pungufu kidogo. Nimemfikiria sana yule mwalimu mstaafu. Nadhani tungemweleza kwamba faida yake yote ya mwaka ule ilitoka kwenye jembe la mtu mwingine, angekubali kuikosa. Labda najidanganya. Lakini hatukuwahi kumuuliza. Tulimtumia tu kama sababu.

Swali la mzee

Mzee yule bado namdai jibu, au tuseme yeye ndiye ananidai. "Desemba nitalima na nini?" Siku ile nililisikia kama malalamiko. Lilikuwa ni ushauri wa kibiashara, tena wa bure, kutoka kwa mtu anayejua shamba kuliko mimi. Lilikuwa pia ni ukumbusho kwamba baada ya Oktoba huja Desemba, na kwamba yeye na benki bado wangehitajiana.

Ningekuwa na akili niliyonayo leo ningeweka kalamu chini na kumwambia: mzee, maksai wabaki, tuhesabu upya. Huenda meneja angenifukuza kazi. Huenda mvua ya Desemba ingegoma tena, na mimi ningeonekana mjinga mara mbili. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilimpa shikamoo kwa heshima zote, nikanywa maji ya nyumbani kwake, halafu nikaondoka na msimu wake ujao. Na kwenye ripoti ya mwezi ule niliandika kwamba ufuatiliaji umekwenda vizuri.